Bega Nililoligusa

Wengi mmeniandikia kupitia kwa mhariri mkiuliza kama ni kweli nilimgusa yule mtu bega huku nikijua hana kosa.

Ni kweli. Nilijua.

Kwa msomaji anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Jedida. Mwaka wa 1985 nilikuwa nikiishi Maweni, Malindi, na mume wangu Nahashon, mkuu wa walinzi katika hoteli moja ya watalii. Sote wawili tulitoka Machakos. Pale Malindi alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimsifu kwa upole wake.

Jumamosi moja jioni alinivunja mkono wa kushoto kwa rungu la kazini. Kosa langu lilikuwa kuitikia salamu ya fundi aliyekuja kutengeneza bomba la maji. Hospitalini alisema tumevamiwa na mwizi, na redio imechukuliwa. Redio alikuwa ameificha mwenyewe.

Polisi walipotaka jina, aliwapa jina. Garama, mgema wa tembo wa huko Jilore. Waligombana mara mbili kwa sababu ya njia inayopita nyuma ya hoteli kwenda kwenye minazi.

Wakawapanga wanaume wanane uani mwa kituo, gwaride la kumtambua mwizi. Nikaambiwa nipite, nikimwona nimguse bega. Nahashon alikuwa amesimama dirishani. Nikapita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa Garama nikasimama, nikaligusa bega lake. Shati lilikuwa limeloa jasho.

Akaniuliza, "Mimi, mama?"

Nikauondoa mkono.

Shtaka likawa wizi wa mabavu. Hukumu yake mnaijua. Ni kunyongwa.

Hapo ndipo nilipoachia wiki iliyopita. Sasa nisikilizeni yaliyofuata.

Wiki ya sita nilirudi hospitali kukatwa plasta. Nahashon alinisindikiza, na kila swali nililoulizwa alilijibu yeye.

"Mkono bado unauma, mama?" daktari aliniuliza.

"Unamuuma kidogo tu," Nahashon akasema.

Daktari mwenyewe aliitwa Kaingu, kijana wa Kigiriama, mwembamba, mwenye maneno machache. Aliinua macho akamtazama mume wangu kwa muda.

"Bwana, nataka picha nyingine ya mfupa. Kule kwenye mashine haingii mtu ila mgonjwa. Wewe utusubiri hapo nje kwenye benchi."

Nahashon alipotoka, Kaingu hakunipeleka kwenye mashine yoyote. Alifunga mlango, akatoa picha ya eksirei kwenye bahasha akaiinua dirishani.

"Hii ni yako ya siku ile. Nilikupiga picha ya kifua pia kwa sababu ulikuwa ukipumua kwa shida. Tazama hapa. Ubavu huu ulivunjika zamani, ukaunga. Huu nao ulivunjika baadaye, ukaunga vibaya. Na mkono umevunjika mahali unapovunjika mtu akiuinua kujikinga kichwa."

"Nilianguka kisimani," nikasema.

"Lini?"

"Zamani."

Akavuta kadi ya manjano kutoka chini ya karatasi zake.

"Miaka miwili iliyopita ulilazwa hapa ukitokwa na damu. Mimba ya miezi mitano. Imeandikwa hivyo hivyo, ulianguka kisimani." Aliiweka kadi mezani mbele yangu. "Maweni mnateka maji ya bomba, mama."

Nilitazama sakafu. Ile mimba hakuna aliyewahi kunitajia tangu siku ile, hata Nahashon mwenyewe.

"Polisi wameniletea fomu ya P3," Kaingu akaendelea, akishusha sauti. "Nimeijaza. Nimeandika majeraha mapya na ya zamani. Nitaitwa kortini kuyaeleza. Lakini mimi naandika kilichovunjika. Aliyekivunja sina ruhusa ya kumbuni. Huyo utamtaja wewe."

"Ukiandika ya zamani, ataniua."

Neno lilikuwa limenitoka.

"Nani?" akauliza upesi.

Mlango ukafunguliwa. Nahashon alisimama pale, kofia mkononi, anatabasamu.

"Picha imekwisha, daktari?"

"Imekwisha," Kaingu akasema.

Njiani Nahashon hakuniuliza kitu mpaka tulipolivuka soko.

"Alikuwa akikuuliza nini?"

"Kama vidole vinafanya kazi."

"Vinafanya?"

"Vinafanya."

Akanishika mkono, pale pale palipounga, akaubana. Alizidi kuubana huku akiwasalimia watu wa kanisani tuliokutana nao. Mwanamke mmoja alituambia tunapendeza.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Nahashon akiwa kazini, nikasikia hodi.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, leso zake zimepauka, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Mimi ni Kahonzi. Mke wa Garama."

Nilitaka kuufunga mlango. Akauzuia kwa mguu, taratibu, bila hasira.

"Sikuja kukutukana. Nimetoka Jilore alfajiri kwa miguu nije nikuone uso."

Nikauachia mlango.

"Jumamosi ile tulikuwa Tezo tukimzika baba yangu," akasema. "Garama ndiye aliyeshika jembe kaburini. Kijiji kizima kilimwona. Nimekwenda polisi, wakaniambia jamaa lazima wamtetee jamaa yao. Haya, nimekuja kwa asiye jamaa. Niambie wewe. Ulimwona mume wangu nyumbani humu?"

"Kulikuwa na giza. Labda nilikosea."

"Labda?"

Alisogea karibu. Akanyoosha mkono akaishusha leso niliyojifunga shingoni. Chini yake kulikuwa na alama za vidole, za juzi.

"Na hizi? Garama yuko rumande, huu mwezi wa pili. Huyo mwizi wako alirudi juzi?"

Nikaketi pale kizingitini nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Kahonzi hakunibembeleza. Alisimama akingoja nimalize.

"Yule mtu amekuwa akinigemea mnazi wa nyumbani kabla sijampikia chai, miaka kumi na saba," akasema. "Hajaninyanyulia mkono. Watamtia kitanzi ili mumeo asipate aibu. Sawa. Kesi ni Alhamisi. Nitakaa benchi la mbele. Utakalosema, useme ukinitazama."

Akaondoka bila kuaga.

Jumanne nikaenda polisi. Kituo sikitaji. Nilikwenda peke yangu, nikamkuta kaunta yule sajini aliyeniongoza siku ya gwaride. Alikuwa rafiki wa Nahashon, wakila pamoja Jumapili baada ya ibada.

"Nimekuja kuondoa maneno yangu," nikamwambia. "Si Garama. Ni mume wangu."

Sajini alilifunga lile daftari kubwa la kaunta.

"Shemeji, unajua kuwapa polisi habari za uongo ni kosa? Unataka kwenda jela?"

"Niende. Andika."

"Mambo ya chumbani hayaandikwi hapa. Mimi sikuajiriwa kuvunja nyumba za watu." Akachukua kofia. "Twende nikupeleke. Jua kali hili, na mkono wako haujapona."

Nilidhani ananipeleka kwa mkubwa wake. Akanipandisha Landrova, ikateremka njia ya pwani, ikasimama kwenye lango la hoteli. Nahashon alikuwa amesimama pale kwa mavazi yake meupe, akiwapigia saluti Wazungu wanaotoka.

"Bwana mkubwa," sajini akamwambia, "nimekuletea mkeo. Alipotea njia."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimekwisha kuzoea kupigwa. Nilijua jinsi ya kujikunja, jinsi ya kulinda kichwa, na wakati gani wa kuomba radhi. Siku ile hakunipiga.

Alirudi mapema. Akawasha jiko mwenyewe. Akapika wali na samaki, akachambua miiba, akaweka nyama ya samaki sahanini mwangu, kipande baada ya kipande.

"Kula, Jedida."

Nikala.

"Sikulaumu," akasema. "Wewe u mgonjwa. Tangu ile mimba iharibike hujawa sawa. Mimi ndiye niliyechelewa kuliona."

Nilisubiri aendelee. Aliosha vyombo, akasoma Biblia, akalala usingizi mzito. Mimi nilikesha nikimsikiliza akikoroma.

Kulipokucha Jumatano alivaa suti, akaondoka akisema anakwenda Mombasa. Hakuniambia anakwenda kufanya nini. Akafunga mlango kwa nje, akachukua ufunguo.

Alhamisi tulikwenda mahakamani tumeshikana mikono.

Garama alikuwa amekonda mpaka suruali imefungwa kwa kamba. Aliingia kizimbani akatazama dari. Mimi hakunitazama kabisa.

Niliitwa. Nikaapa. Mwendesha mashtaka, inspekta mmoja mwenye sauti nzito, akanionyesha kidole gumba cha kunitia moyo.

"Ieleze mahakama, mama. Siku ile jioni, nani alikuvunja mkono?"

Kahonzi alikuwa benchi la mbele kama alivyosema. Nahashon alikuwa nyuma, karibu na mlango. Nikamtazama Kahonzi.

"Si huyu aliyesimama hapo."

Inspekta alidhani hajasikia vizuri.

"Mama, siku ya gwaride ulimgusa bega. Imeandikwa hapa."

"Nilimgusa. Niliambiwa nimguse. Aliyenivunja mkono ni mume wangu, Nahashon. Yule pale mlangoni. Mwizi hakuwako, na redio aliificha yeye."

Nyuma watu walianza kunong'onezana. Hakimu akagonga meza.

Garama hakuonyesha furaha. Alimwomba karani mkalimani ayarudie yale maneno kwa Kigiriama. Karani akayarudia. Garama akaketi chini kabla ya kuruhusiwa, akaufunika uso kwa viganja.

"Mama," hakimu akasema, "unafahamu kwamba kwa uongo wako mtu huyu angenyongwa?"

"Nafahamu, Mheshimiwa."

"Na kwamba unaweza kushtakiwa?"

"Nafahamu."

"Basi kwa nini unasema leo?"

"Mke wake alikuja kwangu," nikajibu.

Daktari Kaingu akaitwa. Aliinua ile picha dirishani, akaeleza ubavu mmoja mmoja. Akasema mfupa ukiunga huacha alama, na alama hizi ni za miaka tofauti. Akataja kadi ya miaka miwili iliyopita na mimba iliyoharibika. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kalamu ilipotulia, akamtazama askari wa mahakama.

"Funga mlango huo. Mume wa shahidi asitoke."

Lakini Nahashon hakuwa na nia ya kutoka. Alikuwa akija mbele, kofia kifuani.

"Mheshimiwa, naomba radhi kwa kusimama bila kuitwa. Mimi ndiye mume."

Alitumia ile sauti yake ya kanisani.

"Daktari amesema kweli tupu, na namshukuru. Mke wangu alipoteza mtoto. Tangu siku ile akili yake haijatulia. Hujigonga ukutani, hujitupa chini. Hayo majeraha ya zamani ni yake mwenyewe. Nilimficha kwa aibu. Lakini mwizi alikuja, Mheshimiwa, na mkono ulivunjwa na mwizi. Leo anamwona kila mwanamume ni adui, na mimi ndiye niliye karibu."

Akatoa karatasi kwenye koti akampa karani. Karani akampa hakimu. Hakimu akaisoma kwa sauti: daktari mmoja wa Mombasa alikuwa akithibitisha kuwa amenitibu maradhi ya akili tangu mwaka uliopita.

Daktari huyo sikuwahi kumwona. Mombasa yenyewe nilipita mara moja tu, siku tulipoteremka kwenye gari la moshi kuja Malindi.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Jana alikwenda Mombasa! Karatasi ameitoa jana! Alinifungia ndani!"

"Mama, tulia."

"Situlii! Anadanganya! Muulizeni ufunguo uko wapi! Muulizeni!"

Nilikuwa nikipiga ubao wa benchi la mashahidi kwa mkono ule ule uliovunjika. Leso ilikuwa imenitoka kichwani. Machozi na mate vinanitoka. Askari wawili wakanishika.

Nikamwona hakimu akinitazama, akiitazama karatasi, halafu akinitazama tena.

Nikafunga kinywa. Nilikuwa nimechelewa.

Nahashon alitikisa kichwa kwa huzuni. Watu wa benchi za nyuma wakatikisa vichwa pamoja naye.

Kaingu alisimama. "Mheshimiwa, mtu hawezi kujivunja ubavu wa nyuma kwa kujigonga ukutani. Na mbele yangu mama huyu amekuwa na akili zake."

"Wewe ni daktari wa akili?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi keti."

Hakimu akavua miwani. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kama mama huyu ana akili timamu, aliye kizimbani hana kosa, na kuna mwingine anayestahili kusimama hapo. Kama hana, maneno yake ya leo na ya siku ya gwaride yote hayana uzito. Siwezi kuamua kwa kukisia. Jumatatu atapimwa na daktari wa serikali wa maradhi hayo. Mshtakiwa atarudi rumande hadi siku hiyo."

Kahonzi alitoa sauti moja fupi, akajiziba mdomo kwa leso.

"Na mama atakaa wapi hadi Jumatatu?" hakimu akauliza. "Hajashtakiwa. Siwezi kumweka ndani. Daktari, una kitanda?"

"Ninacho, Mheshimiwa." Kaingu alisita. Nilimwona akitafuta namna ya kusema uongo, asiipate. "Lakini wodini sina askari. Saa ya kutazama wagonjwa ikifika, mumewe akija kumchukua, siwezi kumzuia mume."

"Ana nyumba yake," Nahashon akasema kwa upole. "Nitamtunza mwenyewe. Nimeomba ruhusa kazini."

Nilihesabu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku nne ndani ya nyumba ile, ufunguo uko mfukoni mwake. Nilijua bila shaka yoyote kwamba Jumatatu hakutakuwa na mtu wa kupimwa. Ingesemwa nimejiua. Na karatasi iliyokuwa mbele ya hakimu ilikuwa imekwisha kutoa sababu.

Nilitaka kuyasema hayo. Nikaogopa, kwa sababu ningeyasema kwa sauti ya kichaa.

"Hakuna jamaa mwingine huku pwani?" hakimu akauliza.

"Hakuna, Mheshimiwa," Nahashon akajibu. "Watu wake wote wako Machakos."

Hakimu akachukua kalamu.

Benchi la mbele likalia. Kahonzi alikuwa amesimama. Askari akamwashiria aketi. Hakuketi.

"Aje kwangu," akasema. "Jilore. Nina nyumba, na nina ndugu zangu watano wanaume mlangoni. Jumatatu nitamleta hapa mwenyewe, mzima."

Inspekta aliruka. "Mheshimiwa, huyo ni mke wa mshtakiwa! Atamfundisha shahidi la kusema!"

"Na mimi ni mume wake wa ndoa ya kanisa," Nahashon akasema. Kwa mara ya kwanza siku ile, upole ulikuwa umemtoka sautini.

Hakimu aliinua mkono, wote wawili wakanyamaza. Alimtazama Kahonzi juu mpaka chini, leso zilizopauka, miguu yenye vumbi la Jilore.

"Mama huyu alimtia mumeo kitanzini," akamwambia. "Sheria inaniuliza nimkabidhi kwa nani wake. Wewe ni nani wake?"

Garama alikuwa ameinuka kizimbani, pingu mikononi. Nahashon alikuwa amepiga hatua moja kunielekea. Kahonzi hakumtazama yeyote kati yao. Alinigeukia mimi, akanitazama kwa muda mrefu kama alivyonitazama siku ile kizingitini, kisha akafungua kinywa kumjibu hakimu. Jibu lake nitawaandikia wiki ijayo.